Nani Anafuta Ng'ombe Wangu?

Vaileth Nnko alistaafu uuguzi akiwa na mambo mawili ya kumsumbua: goti la kulia na jirani wa kushoto. Goti lilivimba kila mvua zilipokaribia. Jirani, Mzee Sifaeli, alikuwa amesogeza uzio wake wa mabati hatua mbili ndani ya kiwanja cha Vaileth pale Kijenge, akajenga na banda la kuku juu ya bikoni, lile jiwe la mpaka waliloliweka wapima ardhi.

Mtaani walimwita Mama Eli, kwa jina la mwanawe Elirehema aliyekuwa akifanya kazi Mwanza. Hakuwa mtu wa kugombana. Miaka thelathini na minne ya wodini ilimfundisha kwamba mtu ukimpigia kelele hasikii, ila ukimwonyesha kipimo hunyamaza. Basi akanunua simu ya kisasa kwa fundi mmoja wa Sombetini aliyeitwa Hans, akaanza kukusanya ushahidi. Kila Jumapili, Mzee Sifaeli akiwa ibada ya kwanza, Mama Eli alitoka na kamba yenye mafundo, akaivuta kutoka ukutani kwake hadi kwenye mabati, akapiga picha. Kisha naye akaoga, akaenda ibada ya pili. Alipanga picha zikifika ishirini azipeleke baraza la kata.

Hazikufika. Baada ya picha ya tano, mapipa ya Mzee Sifaeli yaliyokuwa kando ya uzio yaliondoka. Baada ya ya nane, banda la kuku likahamishwa. Kabla ya ya kumi na mbili, mabati yenyewe yalirudi nyuma mpaka kwenye bikoni, na Mzee Sifaeli akaanza kumsalimia huku amevua kofia. Mama Eli hakuwa amemwambia neno hata moja. Akaona ni maombi yamejibiwa. Akapeleka kanisani mkungu mzima wa ndizi wa shukrani, ukanadiwa, na kwa furaha akaununua tena yeye mwenyewe.

Wiki tatu baadaye ndipo walipotokea ng'ombe.

Ilikuwa kwenye kikao cha akina mama wa usharika, wakichagua kitenge cha sare. Mama Eli alikuwa amepita sokoni na kupiga picha vitenge vitatu. Siku zote alifungua picha zake kupitia kamera, lakini siku hiyo, kwa haraka, kidole chake kiligusa alama nyingine pembeni, ambayo Hans alimwambia asihangaike nayo. Picha zikafunguka hata hivyo. Akampa simu mwenyekiti wao, Catherine.

"Hiki cha kijani ni cha kwanza," alisema. "Telezesha uone cha pili."

Catherine alitelezesha. Dume jekundu la ng'ombe likamtazama usoni.

"Hiki nacho wanauza kwa mita?" Catherine aliuliza.

Akina mama wakasogea. Catherine akatelezesha tena, na dume likaonekana kwa upande wa nyuma. Kikao hakikurudi kwenye vitenge tena siku hiyo.

Nyumbani Mama Eli alivaa miwani, akawahesabu. Picha sitini na tatu: ng'ombe upande wa kulia, ng'ombe upande wa kushoto, masikio ya ng'ombe kwa karibu. Akadhani mtandao umekosea njia, kama barua inavyoweza kutupwa kwenye sanduku la mtu mwingine. Akawafuta mmoja mmoja, kwa subira ya mtu anayetoa kupe.

Siku mbili zikapita. Alipofungua tena ile alama, alikuta picha mpya ya kipande cha katoni kilichoandikwa kwa mkaa, herufi kubwa:

NANI ANAFUTA NG'OMBE WANGU?

Mama Eli aliweka simu mezani, akarudisha kiti nyuma. Hakuwa mtu wa kuamini ushirikina, alikuwa mzee wa kanisa, lakini aliwasha taa ijapokuwa ilikuwa saa saba mchana. Kisha akachukua kalenda ya mwaka uliopita, akaigeuza, akaandika kwa kalamu nene: HII NI SIMU YANGU. WEWE NI NANI, NA UMEINGIAJE? Akaipiga picha. Ndipo akatambua kwamba hajui aitume wapi, akaiacha hapohapo ilipo.

Asubuhi katoni nyingine ilikuwa imefika.

NI LEMBURIS WA OLDONYO SAMBU. SIMU NI YANGU. NIMENUNUA KWA HANS, SOMBETINI. WEWE NDIYE YEYO WA GOTI?

Yeyo ni mama kwa Kimaa, hilo alilijua tangu kazini. Lililomkata pumzi ni goti. Mwezi uliopita alilipiga picha goti lake pande zote ili amtumie daktari mmoja rafiki wa Elirehema, na kwenye picha ya nne gauni lilikuwa limepanda kuliko inavyompasa mzee wa kanisa.

Akampigia mwanawe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Elirehema, kuna mfugaji wa Oldonyo Sambu ameona paja langu."

Ilichukua muda Elirehema kuelewa. Alipoelewa, akaanza kumweleza taratibu.

"Mama, picha zako hazikai kwenye simu peke yake. Ukipiga, bando likiwepo, zinapanda mtandaoni, zinahifadhiwa kwenye kompyuta za mbali huko. Ni kitu kizuri. Hata simu ikipotea, picha unazo."

"Zinahifadhiwa kwa jina la nani?"

"Kwa akaunti yako. Ichukulie kama kabati. Mwenye ufunguo ndiye anafungua. Hebu soma hapo juu, akaunti yako inaitwaje?"

Mama Eli alisoma polepole. "Hans Simu Bora."

Elirehema alimwomba arudie, akarudia.

"Mama, hilo si jina lako."

"Jina langu nalijua, Elirehema."

"Basi kabati ni la Hans. Na nina wasiwasi kila aliyenunua simu kwake kapewa ufunguo uleule."

Mama Eli alikaa kitandani na kuanza kukumbuka vilivyomo. Kitambulisho cha taifa, mbele na nyuma. Hati ya kiwanja. Kadi ya benki, pamoja na karatasi ya namba ya siri aliyoipiga picha asije akaisahau. Jino lake la mwisho, mdomo wazi. Yeye mwenyewe akijaribu wigi. Na wosia wake, kurasa mbili, ambao hata Elirehema hakuwa ameuona.

Kesho yake benki ilipofunguliwa yeye alikuwa mtu wa kwanza mlangoni. Dada wa dirishani alimbadilishia namba, akamuuliza, "Umeibiwa, mama?"

"Bado," alisema Mama Eli. "Nimejianika tu."

Usiku ule alipopandisha picha kwa kidole, aliona kwamba yeye na Lemburis hawako peke yao. Kulikuwa na misuko ya nywele, harusi ya watu asiowajua, nyufa za ukuta, sahani za makande, mtoto akiogeshwa kwenye beseni, baba mnene aliyejipiga picha na suti ileile mara arobaini. Alijikuta anatazama. Alitazama harusi nzima, mpaka keki, kisha akaona haya, akazima simu.

Katoni zilizofuata zilionyesha kwamba Lemburis naye alikuwa na shida ya kweli. Mtamba wake mmoja alikuwa amepotea, na picha ya sikio lake, lenye mkato wa ukoo wao, ndiyo aliyotaka kuionyesha mnadani. Kwenye simu hakuwa nayo tena, maana Hans alimwambia azifute ili kupata nafasi, akimhakikishia kwamba "juu" zipo. Elirehema alimweleza mama yake kwamba kitu kikifutwa hukaa kwanza kwenye pipa la taka wiki kadhaa kabla ya kupotea kabisa, akamwongoza kwa simu jinsi ya kulifungua. Walikuwemo wote.

NIMEWARUDISHA WOTE 63, aliandika nyuma ya ukurasa wa Machi wa ile kalenda. NISAMEHE.

HESABU YANGU PIA 63, ilijibu katoni. ASANTE YEYO. GOTI PAKA MAFUTA YA KONDOO.

Mama Eli alikuwa bado anatabasamu ilipoingia karatasi ya mtu wa tatu, ya waridi, mwandiko wa madaha:

SHIKAMOONI WAZEE WANGU. NI PRINCESS, NINA SALUNI SOMBETINI. NAMI NIMO HUMU TANGU MWAKA JANA. MAMA, LILE WIGI USILIVAE KANISANI.

Tabasamu likaondoka. Akachukua mwezi wa Aprili, akaandika kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa: WENYE PICHA WOTE. JUMAMOSI SAA NNE, DUKANI KWA HANS. KILA MTU NA SIMU YAKE.

Alidhani watakuwa watatu. Alipofika alikuta watu wamejaa mpaka barazani, na wengine wanaendelea kushuka kwenye bodaboda. Hans, kijana wa miaka thelathini hivi mwenye fulana safi, alikuwa akisugua mikono kwa furaha.

"Shikamoo mama! Karibu. Leo biashara imefunguka!"

"Marahaba. Hans mwanangu, sisi hatujaja kununua. Sisi ndio akaunti."

Ilibidi amwonyeshe. Hans alitazama simu yake, akatazama umati, akaketi juu ya boksi la chaja.

"Mama, nia yangu ilikuwa njema," alisema. "Kufungua akaunti mpya inadai namba, inadai tarehe ya kuzaliwa. Mzee ukimuuliza tarehe anaanza kusimulia mwaka wa njaa, na foleni iko nje. Nikaona nifungue moja nzuri, wote waingie humo."

"Na neno la siri?"

Macho ya Hans yalimsaliti, yakaenda ukutani. Lilikuwa limeandikwa pale kwa kalamu ya wino mzito, chini ya bei ya protekta, ili msaidizi yeyote wa dukani asilisahau.

Wakati huo umati ulipisha. Aliingia mwanamume mrefu, mzee kidogo, mwenye koti juu ya shuka na fimbo mkononi. Alimtazama Mama Eli, kisha akatazama chini, kwenye goti.

"Takwenya, yeyo," alimsalimia kwa Kimaa.

"Iko," aliitikia Mama Eli.

"Linatembea," alisema Lemburis kwa kuridhika.

Swali likawa picha zigawanywe vipi, maana zilikuwa zaidi ya elfu tatu. Baba wa suti alitaka zifutwe zote. Mwanamke wa harusi akalia. Lemburis akagonga fimbo chini.

"Mifugo ikichanganyika kisimani hakuna kupiga kelele," alisema. "Inapitishwa mlangoni mmoja mmoja. Kila mtu anasema yake."

Ndivyo walivyofanya. Hans alifungua kompyuta yake, Princess akasimama kando ya kioo, akaita kama mtu wa mnada.

"Sufuria la pilau!"

"Langu."

"Mtoto beseni!"

"Wangu huyo, sasa yuko darasa la pili."

"Suti!"

"Yangu," alisema baba mnene.

"Suti!"

"Yangu pia."

"Baba, zote arobaini ni zako, tusonge mbele. Goti!"

Mama Eli aliinua mkono kwa heshima zote alizobakiwa nazo. Watu wakampa pole. Mama mmoja akamshauri tangawizi.

Kisha ikaja picha ya kamba yenye mafundo, imenyooshwa kuelekea mabati. Mama Eli hakuinua mkono.

"Kamba hii ya nani?" aliita Princess. "Jamani, kamba? Ziko kumi na moja."

"Ya Mama Eli," ilisema sauti kutoka nyuma kabisa. "Anapima uzio wangu."

Watu waligeuka. Mzee Sifaeli alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Kumbe nawe simu yako ni ya hapa!" Mama Eli alisema. "Ulikuwa unaziona!"

"Si ulikuwa unanitumia?" Mzee Sifaeli alishangaa kwelikweli. "Kila Jumapili natoka ibadani, nafungua simu, nakuta kamba. Nikasema mama huyu ni mstaarabu. Hapigi kelele, hanisemi kwa watu, ananionyesha kipimo tu. Nikaona aibu, nikahamisha mapipa. Jumapili inayofuata, kamba tena. Nikahamisha kuku. Ikaja tena, nikang'oa mabati."

"Mimi sikukutumia kitu, Mzee Sifaeli. Nilikuwa naandaa mashtaka."

"Ya nani?"

"Yako."

Duka zima likaangua kicheko, hata Mzee Sifaeli mwenyewe alicheka kwa kuchelewa. Mama Eli aliwaza ule mkungu wa ndizi, naye akacheka. Lakini katikati ya kicheko jambo lilimjia akilini, na uso wake ukabadilika.

"Na wosia?" aliuliza.

Mzee Sifaeli aliacha kucheka. Aliizungusha kofia vidoleni.

"Nilisoma ukurasa wa kwanza," alisema. "Wa pili ulikuwa na ukungu."

Mama Eli alitafuta mahali pa kukaa, na Hans akampisha kwenye boksi.

"Karatasi ile niliiandika nikiwa peke yangu, nimefunga mlango," alisema. Hakupandisha sauti. "Mtoto wangu wa kumzaa hajaiona. Uliona ni wosia, ukaendelea kusoma?"

"Niliendelea."

"Kamba nakubali ulidhani nimekutumia. Je, goti? Jino? Nikutumie jino langu kwa sababu gani?"

"Nilipoona jino nilijua kuna kosa mahali," alisema Mzee Sifaeli. "Nilipaswa kukuambia siku ileile. Niliona haya, halafu nikazoea. Nisamehe, Mama Eli."

"Mtu akikuta mlango wa bafu la mwenzake uko wazi, huugeuzia mgongo au hupiga hodi. Hasimami."

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Mwanamke wa harusi alichezea ncha ya kanga yake. Princess alifuta kioo cha kompyuta ambacho hakikuwa na vumbi.

"Mimi nilisimama, mama," alisema hatimaye. "Mwaka mzima. Mteja akikosekana saluni, nafungua kuona nani kapika nini. Nawe nimekupenda bila kukujua. Lakini nilisimama."

Mama Eli alikumbuka harusi aliyoitazama mpaka keki.

"Hata mimi," alisema, na akamwomba radhi mwanamke yule pale pale. "Tulikuwa wote mlangoni, basi. Tuufunge."

Kazi ya kuufunga ilichukua mchana kutwa. Hans alinunua bando kwa fedha yake, akamfungulia kila mmoja akaunti yake, akamhamishia picha zake. Kila ilipofika zamu ya kuweka neno la siri, walimtoa Hans nje. Baba wa suti alijifunika koti kichwani pamoja na simu. Lemburis alisoma maelekezo kwa makini, akawaza, akatangaza kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe, "Lemomo!"

"Mzee, usitaje!" Princess alipiga kelele. "Sasa sote tumesikia. Tafuta lingine."

"Hakuna shida," alisema Lemburis. "Nina madume mengi." Akageukia ukuta, midomo ikicheza bila sauti.

Jua lilipoelekea kuzama zilikuwa zimebaki picha zisizo na mwenyewe. Zote zilikuwa za sahani: makande, ugali na dagaa, wali maharage, siku kwa siku, ya mwisho ikiwa ya jana. Hans alikuna kichwa. Alisema huenda ni simu iliyouzwa mara mbili mkononi, na aliyenayo sasa hamjui wala hajui yuko mkoa gani.

Elirehema alikuwa ameshaeleza hatua ya mwisho: kubadilisha neno la siri la akaunti ya zamani na kuondoa simu zote zilizomo. Walimchagua Mama Eli aifanye, simu yake ikiachwa humo mpaka mwisho, kwa kuwa ndiye aliyewaita.

"Bonyeza sasa hivi," alisema baba wa suti. "Mgeni huyo kaniona bila tai."

"Tukibonyeza sasa anapoteza vyake," alisema Mama Eli. "Naye kauziwa tu kama sisi. Nitampa mpaka Jumatatu."

Watu hawakubishana naye. Mzee Sifaeli alimbebea mkoba mpaka kwenye bodaboda, na Mama Eli alimwacha aubebe, ila hakumwambia asante mpaka walipofika Kijenge.

Jumapili, badala ya kamba, alipiga picha mwezi wa Mei: MWENYE SAHANI, KABATI HILI SI LAKO PEKE YAKO, WATU WANAKUONA. FUNGUA LAKO, WEKA NENO LA SIRI LAKO. TUNAFUNGA JUMATATU SAA KUMI.

Jumatatu alikaa sebuleni na simu mapajani tangu saa nane. Sahani zilianza kupotea moja baada ya nyingine, makande, dagaa, wali, mpaka pakabaki peupe. Saa tisa na nusu iliingia picha ya mwisho, karatasi ya daftari iliyoandikwa kwa uangalifu:

NIMETOA ZANGU. NI ZA KUMWONYESHA MAMA NYUMBANI KWAMBA NINAKULA. SIKUJUA MNAONA. ASANTENI KWA KUNISUBIRI.

Mama Eli aliisoma mara mbili. Saa kumi kamili alibadilisha neno la siri, huku ameuficha mkono kwa kanga ingawa chumbani hakuwamo mtu, kisha akaondoa simu zote. Halafu akampigia Elirehema, akamuuliza mchana amekula nini.